Askari wa Jumanne

Tulimzika Hedley Slee Alhamisi iliyopita, na kasisi wetu mpya, kijana wa watu asiyejua hata jina la mto unaopita mlangoni kwake, akasimama mbele ya jeneza akatangaza kwamba marehemu alikuwa "shujaa wa India." Nilikuwa kiti cha mbele. Siku nyingine ningecheka. Hedley hakuwa shujaa wa popote. Alikuwa mwezekaji wa nyumba, hodari kuliko wote kuanzia hapa Pillcombe hadi Barnstaple, na alikuwa askari wa Jumanne.

Hivyo ndivyo tulivyowaita kabla ya vita ile ya kwanza. Walikuwa vijana wenye kazi zao, waokaji, wachinjaji, makarani, na kila Jumanne jioni walikusanyika katika ukumbi wa nyuma ya soko la nafaka, wakapiga gwaride na bunduki za zamani, kisha wakaenda kunywa bia. Kila mwaka mwezi wa Agosti walipelekwa wiki mbili kukaa kwenye mahema kando ya bahari. Kwa mtu anayeshinda juu ya mapaa ya wenzake mwaka mzima, akipigwa mvua mgongoni, wiki mbili za nyama kila siku na buti za bure si haba. Hakuna hata mmoja aliyejiunga ili apigane na mtu. Tena walikuwa wameandikiwa kabisa: kazi yenu ni kulinda nyumbani, hamtatolewa nje ya nchi bila ridhaa yenu.

Mchumba wake alikuwa dada yangu Thirza. Mimi ni Mahala Braund, mdogo wake kwa miaka mitano, na nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikuolewa. Majibu ninayo mengi, na kwa miaka arobaini nimewagawia watu, kila mmoja kwa kadiri ya umbeya wake. La kweli nililifungia ndani. Sasa Thirza ametangulia, Hedley amemfuata, nami nimebaki na paka na magoti mabovu. Sioni namfichia nani.

Thirza alikuwa mtu wa kucheka. Hakuwa mzuri kupita kiasi, tulifanana kama shilingi kwa ya pili na mimi najijua, ila akicheka meno yake yote yalitoka nje na watu wakageuka kuona kuna nini. Hedley alimchekesha kuliko kitu kingine chochote. Akipita njiani akamkuta juu ya paa, miguu inaning'inia, mabua ya ngano yamemjaa nywelini, alisimama pale chini na kikapu chake akaanza.

"Wee Hedley! Shuka bwana, kunguru wanataka nafasi yao!"

"Waambie wapange foleni."

"Wamechoka kusubiri. Wanasema mwezi wa tatu sasa uko kwenye paa hilohilo."

"Waambie mwezekaji ana mchumba mwenye kelele, kila akipita kazi inasimama."

Kisha Thirza alicheka, naye Hedley masikio yalimwiva kama nyanya, na mimi nilikuwa pembeni nimeshika kikapu cha pili. Masikio yale. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikampenda. Basi, nimesema, na radi haijanipiga.

Kwetu, wawili wakitaka kuoana, majina yao husomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo ili mwenye kipingamizi ajitokeze. Na bibi harusi hapaswi kuyasikia, ni mkosi, watoto watazaliwa viziwi. Kwa hiyo Julai ile ya mwaka kumi na nne Thirza alibaki nyumbani akimenya viazi, nami nikatumwa nikasikilize kwa niaba yake. Kasisi wa wakati ule alisoma: Hedley Slee, mseja wa parokia hii, na Thirza Braund, msichana wa parokia hii. Nami pale kitini, kichwa nimeinamisha, midomo inatikisika kama naomba, nililitoa jina la Thirza nikaweka langu. Nilifanya hivyo Jumapili mbili. Ya tatu haikusomwa, maana wiki ileile vita vilitangazwa, na Hedley alikuwa huko kwenye mahema yake ya Agosti. Wengine wote waliokwenda likizo walirudi. Wao wakaambiwa wabaki.

Septemba wakaitwa mstarini. Ofisa wao akasema anayekubali kwenda kutumika ng'ambo apige hatua moja mbele. Hedley alinisimulia baadaye kwamba hakuna aliyekuwa na hamu, lakini mwokaji alipiga hatua, mchinjaji akapiga, na kubaki nyuma peke yako mbele ya watu wa kwenu ni aibu usiyoweza kuiosha. Akapiga hatua. Walidhani ni Ufaransa, miezi mitatu, Krismasi nyumbani. Kumbe walikuwa wanapelekwa India wakashike zamu za askari wa kudumu, hao wa kudumu ndio waende Ufaransa.

Hedley hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa akihesabu maneno kana kwamba yanauzwa. Kadi iliyotufikia Jumatano ilisema hivi: *Ijumaa tunakwenda ng'ambo. Treni itasimama stesheni saa sita. Njoo tuagane.*

Sasa mtu wa mbali hawezi kutuelewa, lakini hapa Pillcombe ng'ambo ni ule upande wa pili wa mto. Ndiyo hivyo tangu mababu. Ukisimama dirishani kwangu unaiona: vilima vya mchanga, ng'ombe wachache, na stesheni moja ndogo kama banda la kuku. Mtu wa hapa akikuambia shangazi yake anaishi ng'ambo, ujue wanaweza kupungiana mkono. Na kule kwenye vilima vya mchanga ndiko askari walikokuwa wakienda kulenga shabaha.

Thirza aliisoma kadi mara mbili, akanipa.

"Ng'ambo kufanya nini?"

"Kulenga shabaha," nikasema. "Si ndiko wanakolengea? Watashukia stesheni ya kule."

"Na akishuka?"

"Akishuka utamkuta pale umesimama na chakula. Wewe vipi, dada?"

Kadi ilikuwa mkononi mwangu na mdomo ulikuwa wangu. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Sidhani nilifanya makusudi.

Ijumaa Thirza alioka andazi kubwa la nyama na viazi, akalifunga kwa kitambaa lisipoe, na Mzee Yeo akatuvusha kwa boti yake. Tulikaa kwenye benchi la ile stesheni ya kuku tangu saa nne. Ilipita treni ya maziwa. Hakuna askari. Saa sita kasoro kidogo tukasikia honi, lakini si ya upande wetu. Ilitoka upande ule tuliotoka, ule wa kwetu. Tukasimama. Treni ndefu ilikuwa inakuja ukingoni mwa mto, nyumbani, madirisha yote yamejaa mikono. Ikasimama stesheni ya Pillcombe. Tuliona watu wa kijiji wamejaa pale, kijiji kizima, hata wasio na mtu wa kumuaga.

"Wale ni akina nani?" Thirza akauliza.

Mwenye stesheni alikuwa anafagia. "Si hao askari wenu wa Jumanne? Wanakwenda India."

Thirza alikimbia hadi kwenye tope. Alizama mpaka magotini, akavua aproni akaipunga, akaita jina. Maji yalikuwa yamejaa na upande wa pili ni mbali, sauti haifiki. Treni ilikaa dakika tano, ikaondoka. Andazi tulilirudisha nyumbani, na hakuna aliyeweza kulila.

Hedley naye alikuwa dirishani, kiwiliwili nusu nje, anamtafuta Thirza katika kila uso. Aliona watu wote isipokuwa sisi wawili. Barua yake ya kwanza, aliyoitoa bandarini, ilisema: *Naelewa umekasirika kwa kuwa nilikubali bila kukuuliza. Una haki.* Basi. Thirza akaandika kurasa nne za kueleza. Barua yake ilikwenda wiki tano, na majibu yakarudi wiki tano nyingine. Kwa hiyo mtu yule alivuka bahari nzima, akala Krismasi kwenye kambi ya karibu na Ambala, akapigwa homa yake ya kwanza, akiamini ameachwa. Jibu lilipokuja lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kuandika. *Nimecheka hadi wenzangu wakadhani jua limenipanda. Thirza, sikia. Hii niliyoko ndiyo ng'ambo. Ile ni kwa shangazi. Nilikulaumu miezi mitatu na wewe ulikuwa kwenye tope. Nikirudi nitakubeba mgongoni mpaka kanisani.*

Tangu siku hiyo kila barua ya Thirza ilianza: *Kwa Hedley, ng'ambo kweli.*

Alizoea kunisomea barua zake jikoni, mimi nikipiga pasi. Nilizijua kwa moyo kuliko yeye. Hedley hakuandika habari za vita, maana vita hakuiona. Alilinda ghala, alilinda daraja, alilinda lango lisilokuwa na mtu wa kuliingia. Aliandika habari za mapaa. Nyumba za maofisa pale kambini zilikuwa zimeezekwa nyasi, na mwezekaji wake alikuwa mzee mmoja aitwaye Ramdhan. Siku moja Hedley alimwona anafunga upenu, akavua koti akapanda. *Amenicheka fundo langu,* aliandika. *Nami nimemcheka lake. Tumelingana. Hatuna neno hata moja la kuambiana lakini ameshanifundisha kufunga nyasi kwa kidole gumba, na mimi nimemfundisha vijiti vya kubania. Nikiwa juu pale sioni kambi. Naona nyasi tu, nasahau niko wapi. Nikishuka ndipo inauma.*

Thirza aliirudia sentensi ile ya mwisho, akaikunja barua akaiweka kifuani. Mimi niliendelea kupiga pasi. Hamu nayo ina adabu zake. Ya mwenye mali inaruhusiwa kulia, ya mwingine inapiga pasi.

Tusidanganyane, kijiji hakikuwahurumia. Wengine walikuwa wakiletewa telegramu za vifo kutoka Ufaransa, na mama mmoja aliyepoteza wanawe wawili alimwambia Thirza mbele ya duka, "Wako anapepewa." Hata alipokuwa mzee bado walimtania Hedley baani kwamba alikuwa likizo miaka mitano. Yeye aliinua glasi yake tu. Siku moja ndipo alipojibu, nikiwepo. "Ni kweli nilipepewa. Pangaboi la kitambaa, refu kama meza hii, na mtu mmoja nje ya ukuta akivuta kamba kwa mguu kutwa nzima. Miezi saba kwa mwaka. Jina lake sikumuuliza." Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kondoo.

Wanaume wakizidi kuondoka, wanawake tuliingia mashambani. Thirza alichukuliwa na Bwana Lerwill akamue ng'ombe. Februari ya mwaka kumi na sita ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye roho mbaya, alimpiga teke la uso. Meno manne ya mbele yalitoka, mdomo ukapasuka na kushonwa ovyo, ukabaki umevutwa upande. Miaka ishirini na minne alikuwa nayo. Alikaa ndani mwezi mzima. Alipotoka, alikuwa na mkono mdomoni. Akizungumza, mkono mdomoni. Akisikia kichekesho aligeuka ukutani. Sijui kama kuna aliyegundua isipokuwa mimi, lakini kile kicheko kiliisha, kana kwamba nacho kilikuwa jino.

Hedley hakuambiwa. "Nitamwambia akirudi," alisema. "Huko ana yake."

Kisha ikaja barua ya mwaka kumi na saba. *Thirza, mchwa wa huku hawana dini. Nimefungua sanduku nikakuta wamekula soksi, wamekula Biblia hadi Kutoka, na wamekula picha yako. Umebaki kofia na sikio. Nitumie nyingine upesi. Uso wako umeanza kunipotea. Usiku nauunganisha vipandevipande na asubuhi umevunjika tena.*

Thirza aliweka barua mezani. Hakulia. Aligeuka kunitazama, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Mahala."

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Utasema, na jibu ni hapana."

"Una miaka ishirini sasa. Ukivaa kofia yangu na gauni langu la bluu, hata Mama atakosea." Mkono ulikuwa mdomoni. "Mdogo wangu, nakuomba. Anaukumbuka uso wa zamani. Mwache aukumbuke. Akiuona huu akiwa mbali, peke yake, na homa... huko si kuna wanawake?"

"Na akirudi?"

"Akirudi tutajua. Huenda asirudi."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yetu sote, basi nikakubali. Ningekuwa mtu mwema ningeweza kusema nilikubali kwa huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nguoni kabisa, ndani ya gauni lake la bluu.

Mpiga picha wa Barnstaple alikuwa mzee mwenye mikono ya baridi. Alinikalisha, akanigeuza kidevu, akaingia chini ya kitambaa chake cheusi. "Umekaza uso kama unakwenda kung'olewa jino," alisema kutoka humo ndani. "Unayempelekea yuko mbali?"

"India."

"Basi nitazame hapa kwenye kioo cha kamera, na umtazame yeye. Yuko hapa. Amekuja."

Nikamtazama.

Picha ilikwenda. Wiki kumi baadaye Thirza alifungua bahasha akiwa amesimama. *Picha nimeipata. Ni nzuri. Nimeiweka ndani ya kopo la tumbaku, mchwa wasiione. Usijali.* Thirza alikaa chini akaanza kulia. "Ameipenda," alisema. "Ameipenda, Mahala, nitafanyaje sasa?" Mimi nilitoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Uso wangu ulikuwa ndani ya kopo, kwenye mfuko wa Hedley Slee, upande wa pili wa dunia, na kwa miaka miwili hilo lilinitosha. Ndilo pekee nililowahi kuwa nalo.

Vita vikaisha. Kengele zikapigwa, waliokuwa Ufaransa wakarudi, na sisi tukangoja. Krismasi ikapita. Wale askari wa Jumanne walikuwa wa kwanza kuondoka na sasa wanakuwa wa mwisho kurudi. Majira ya kuchipua tukaambiwa wako njiani. Baadaye tukaambiwa hapana, India imechafuka, wenyeji wanataka nchi yao, askari wote wabaki. Barua ya Hedley ya Mei ilikuwa fupi. *Wametuweka sokoni na bunduki. Ramdhan alipita jana na nyasi kichwani. Nilimwita. Hakugeuka. Simlaumu. Na mimi mtu akisimama na bunduki sokoni Pillcombe sitamfundisha fundo. Thirza, nimechoka kuwa kwenye nyumba za watu. Nataka kwetu.*

Kila mwezi uliosogea, furaha ya Thirza na hofu yake vilikua pamoja. Alianza barua za kukiri, nilizikuta jikoni zimechanwa: *Hedley, kuna jambo...* *Hedley, yule wa pichani...* Hakuwahi kupita mstari wa pili. Alitengeneza skafu ya sufu, ndefu, akaizoea kuivaa hata kwenye jua. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu. Anayemtamani ni yule wa pichani. Wa pichani ni nani?

Telegramu ilikuja Novemba. Ijumaa, saa tisa, stesheni. Safari hii tuliuliza watu watatu ni stesheni ipi.

Nilivaa kofia ileile. Thirza aliniona nikiifunga mbele ya kioo. Alijifunga skafu hadi puani. Tulipofika alisimama nyuma yangu, hatua mbili, karibu na mizigo.

"Sikiliza," aliniambia polepole. "Akikukumbatia wewe, mwache. Usimsukume akaaibika mbele ya watu. Mwache amalize, nami nitajua la kufanya."

"Dada..."

"Mwache tu."

Treni ikaingia. Walishuka watu sita. Wa mwisho alikuwa mwembamba, rangi ya manjano, koti linamning'inia kama limeazimwa. Kama si masikio nisingemjua. Aliweka mfuko wake chini akatazama huku na huku, na macho yake yakaniangukia mimi. Yakabaki hapo. Kisha akaanza kuja. Mikono yangu, sikuituma, ilijifungua yenyewe kidogo, hivi, kama mtu anayepokea mtoto.

Alipofika mbele yangu akavua kofia, kama unavyomvulia mke wa jirani, akanipita.

Akasimama mbele ya Thirza.

"Toa hicho kitu nikuone."

"Nimeharibika, Hedley."

"Toa."

Thirza aliishusha skafu. Hedley alimtazama kama anavyotazama paa la mtu, bila haraka, kila pembe.

"Nani kafanya?"

"Ng'ombe wa Lerwill. Yule mwekundu."

"Yuko wapi?"

"Tulimla Pasaka."

"Mtamu?"

"Mgumu," Thirza akasema, na sauti ikakatika. "Hedley, ile picha..."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyofungua bahasha."

"Lakini kila mtu anasema tunafanana! Ulijuaje?"

"Yule wa pichani alikuwa ananitazama kama anataka kulia," Hedley akasema. "Wewe, tangu nikufahamu, ukinitazama unacheka tu. Nikasema huyu si wangu. Wangu ana jambo hataki nilione, basi, nitakwenda nilione."

Thirza akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akiwa bado analia, mdomo wazi, lile pengo lote nje, na watu wote pale stesheni wakageuka kuona kuna nini. Miaka mitatu na zaidi sikuwa nimekisikia. Hedley alifunga macho, akakisikiliza.

Nilibaki palepale nilipopitwa. Kumbe miaka miwili alikuwa ameiweka ile picha kwenye kopo akijua ni ya nani, na akijua ilikuwa inasema nini. Hakuitupa. Kwa nini hakuitupa? Nimemlisha mtu yule chakula cha Jumapili miaka thelathini na tisa, ameniezekea nyumba yangu mara mbili na kukataa hata bia, na sikuwahi kumuuliza. Huenda ni huruma. Huenda ni kwamba haikuwepo picha nyingine ya kwetu. Nikisema sijali nitakuwa naongopa.

Akakumbuka nipo. Aligeuka na masikio mekundu.

"Mahala," alisema. "Umekua."

"Watu hukua, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia jambo la maana. Kisha Thirza akamshika mkono, wakaondoka wakishuka njia ya kanisani, anamweleza habari za yule ng'ombe tangu mwanzo, naye anauliza maswali. Mfuko wake waliusahau pale chini. Nikauokota, nikawafuata nyuma.